Mzee Nyangau na Chombo cha Mdomo Mwembamba

Mimi hasira ninazo, sikatai. Mume wangu Machogu anajua, hata kuku wa boma hili wanajua. Lakini mtu aliyewahi kunikasirisha kuliko wote, na ninayemkumbuka sasa kuliko wote, ni baba mkwe wangu, Mzee Nyangau, fundi wa kukereza bakuli hapa Kebirigo.

Ujana wake aliumalizia mjini Kisii, kwenye karakana ya Mhindi mmoja aitwaye Manubhai. Manubhai alipofunga biashara, akamwachia mashine ya kukereza, ile inayozungusha gogo likichongwa kwa patasi. Mzee akaijengea kibanda cha mbao nyuma ya migomba, na siku za soko mabakuli yake yalikuwa yanaisha kabla ya saa sita. Wanawe hawakuitaka kazi hiyo. Machogu ni mwalimu, na mdogo wake Ochoki akiitazama mashine alikuwa anaona chuma chakavu cha kuuza tu.

Aliyeipenda ni mimi. Nikipita na kikapu cha majani chai mgongoni nasikia mota, nasimama. Harufu ya maranda ya mjakaranda, jameni! Siku moja nikasema mbele ya wote, "Baba, nifundishe."

Kwetu Wagusii, mke wa mwana na baba mkwe hawagusani. Hata salamu ya mkono hakuna, naye nyumbani kwangu haingii. Heshima hiyo tunaiita ensoni. Sasa, kukereza hufundishwa kwa mikono: fundi anasimama nyuma yako, anashika mikono yako iliyoshika patasi, mpaka mwili wenyewe ujue. Ochoki alicheka akamwaga chai.

Mzee hakucheka. "Mama Linda atakaa ndani," akasema. "Mimi nitakaa nje."

Ikawa hivyo. Mimi kwenye mashine, yeye kwenye kigoda upande wa pili wa ukuta, ananifundisha kwa masikio. "Patasi iko juu, ishushe! Usisukume hivyo, huo ni mti, si ng'ombe!" Nami namjibu, naye anaendelea tu na utani wake. Bakuli la kwanza liliruka likanipiga kifuani. La pili likatoboka chini. Baada ya mengi nisiyotaka kuyahesabu, mama mkwe wangu Nyanchama akaandaa ugali wa wimbi kwenye bakuli langu, nikaringa wiki nzima.

Kisha tukafika kwenye chombo cha maziwa, tumbo pana na mdomo mwembamba kama kibuyu. Hapo macho hayasaidii. Patasi ndefu inaingia mdomoni inakula gizani, nawe unene wa ukuta unaujua kwa sauti na mtetemo tu. Ukizidisha kidogo, kinapasuka. Ochoki alikuwa amepata mnunuzi wa vyuma, na kila Sabato ikiisha alikuja na wimbo wake uleule. Mzee akachoka. "Mama Linda akitoa kimoja kizima kabla ya Krismasi, mashine ni yake. Akishindwa, uza."

Nilipasua vitatu. Mzee akisema, "Acha!" mimi nauliza, "Baba, si bado ni kinene?" Hanijibu. Nauliza tena, hanijibu. Nikaona huyu ananidharau, nikaongeza kidogo kwa hasira, na pa! kikapasuka mikononi mwangu.

Cha tatu kilipopasuka, zikiwa zimebaki siku nne, nilienda jikoni kwa mama mkwe. "Mama, nimeacha. Siwezi kuongea na ukuta."

Akaweka mwiko chini. "Mama Linda, huyo mzee hasikii. Ni mwaka sasa. Zile mashine za mjini zilimmaliza masikio. Mbele za watu mimi ndiye namjibia, au namwonyesha kwa mkono kinachosemwa. Amenikataza kusema, kwa sababu Ochoki angejua, mashine ingeondoka kesho yake."

"Sasa anajuaje nikikosea?"

"Chungulia uone."

Asubuhi niliwasha mota, nikaweka jicho kwenye ufa wa mbao. Mzee Nyangau alikuwa amefumba macho, kiganja chake amekibandika ukutani, kwenye ubao uleule uliofungiwa mashine upande wangu. Mahali pale pa ubao palikuwa pameng'aa kwa kusuguliwa na mkono wake. Mwaka mzima amenishika mikono kwa namna hiyo, bila kunigusa, nami namtukana moyoni. Nililia, hata gogo kwenye mashine sikuliona.

Nikapangusa uso, nikaingiza patasi. Nilikereza mpaka saa saba. Aliposema, "Acha!" nilikuwa na uhakika bado ni kinene. Nikaacha hapohapo.

Kilitoka kizima. Nilikijaza maziwa ya mgando, nikakiweka juu ya kigoda, nikarudi nyuma hatua tatu, naye akaja akakichukua. Alikunywa chote. Ochoki akaenda kumwambia mtu wake wa vyuma asije.

Mzee ametutoka, mwaka wa tatu huu. Kibanda nimekibadilisha mbao zote isipokuwa ule ubao mmoja. Na bado napasua vyombo, bado naropoka peke yangu, "Baba, mbona hukuniambia?" Kisha nazunguka nje, naweka kiganja pale palipong'aa. Mkono wake ulikuwa mkubwa. Wangu haupajazi.