Mapipa Mawili ya Samadi

Nilizaliwa kwenye joto. Baba yangu alitoka Singida kufuata kazi ya kiwandani kwenye mashamba ya miwa, kule chini kusini mwa Moshi, na mimi nikakulia huko ambako mtu hulala dirisha wazi na bado akaitupa shuka. Kwa hiyo nilipoolewa Kibosho, juu mlimani, nyumba chache tu kabla ya msitu, kitu cha kwanza nilichogombana nacho kilikuwa baridi. Mama mkwe alifuata baadaye, na chanzo kilikuwa kinyesi cha ng'ombe.

Miaka ile mafuta ya taa yalipatikana kwa foleni, na walinzi wa msitu walikuwa wameanza kuwanyang'anya mapanga wanawake waliokwenda kutafuta kuni. Nilikuwa nafundisha sayansi kwenye shule ya msingi ya kijiji. Likizo moja nilipelekwa semina mjini, ambako fundi mmoja alituonyesha kwamba samadi iliyochanganywa na maji, ikifungiwa isipate hewa, huoza na kutoa gesi ya kupikia. Unachukua pipa kubwa lililokatwa juu, unalijaza tope la samadi, kisha unatumbukiza ndani yake pipa dogo lililopinduliwa. Gesi ikipatikana, pipa dogo linainuka lenyewe, nawe unaitoa kwa bomba lililo juu yake.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kulilisha pipa kidogo kidogo kila siku, huku ukitoa tope lililokwisha kuoza. Ya pili ni kulijaza mara moja, kulifunga na kuliacha mpaka nguvu yake iishe. Mwalimu mwenzangu aliuliza kuhusu baridi. Fundi, ambaye mtambo wake ulikuwa Chekereni, kule chini kwenye joto la mashamba ya mpunga, alijibu kwamba baridi huchelewesha mambo kidogo. Nililiamini hilo neno "kidogo".

Mama mkwe wangu alikuwa mjane mfupi mwenye sauti ndogo, na mbege yake, pombe ya ndizi, ilifuatwa na watu wa vijiji vya mbali. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza pipa litalishwa na nani, nikamwambia mimi, kila asubuhi.

"Ukililisha kila asubuhi, unalipoza kila asubuhi," alisema. "Mimi pombe naiweka, naifunika, naiacha."

Nilimweleza kama ninavyoeleza darasani, kwa vidole. Aliponijibu "sawa, mwalimu" nilijua hakuna lililokubaliwa. Mume wangu alikuwa akifanya kazi ya kukagua kahawa mjini na kurudi Jumamosi. Jumamosi hiyo kila mmoja wetu alimvuta pembeni kwa wakati wake. Jumamosi iliyofuata alirudi na mapipa ya kutosha mitambo miwili, akayashusha uani, akaenda kulala.

Langu nililiweka mbele ya nyumba, mahali pekee ambapo jua lilifika kupita migomba, nikachagua njia ya kulisha kila siku. Mama mkwe alilifukia la kwake nyuma ya nyumba ya ng'ombe, ndani ya lundo la majani na samadi lililokuwa likioza na kutoa mvuke, akalijaza mara moja, akalifunga. Kisha tukaanza kuchunguliana. Asubuhi nilipokwenda kukata majani ya ng'ombe nilipitia kwake kuangalia kama limeinuka. Naye alikuwa na shughuli nyingi mno mbele ya nyumba kwa mtu ambaye jiko lake lilikuwa nyuma.

Ukaingia mwezi wa saba. Ukungu ulishuka kutoka msituni, na jua ambalo nililitegemea sikuliona tena. Pipa langu lilikaa kimya kabisa. Nikaanza kulichanganyia maji ya moto. Mama mkwe alinitazama nikikoka moto wa kuni ili nipashe maji ya kuipa samadi, ili nipate gesi, ili nisitumie kuni. Alinisaidia hata kupuliza moto, na huo msaada uliniuma kuliko maneno.

Baada ya hapo nikalivika pipa koti zito kuukuu la mume wangu. Hilo lilikuwa kosa, kwa sababu lilionekana kutoka njiani. Wanawake waliokuwa wakienda sokoni walianza kulisalimia. "Shikamoo, baba," walisema, wakapita wamejikaza kama wako kanisani.

Ndipo pipa la mama mkwe likainuka. Halikuinuka kidogo, liliruka juu kwa siku moja, likasimama limeinamia upande mmoja huku likitoa povu pembeni. Alinishika mkono akanipeleka kulitazama, akaniacha hapo nilitazame vizuri. Jioni hiyo hiyo alikwisha kumwita mwenyekiti wa kijiji na majirani.

Walikuja wengi. Mwenyekiti alisema machache kuhusu kujitegemea, ambayo hayakuwa machache. Kisha mama mkwe akafungua bomba na kuwasha kiberiti, kikazimika. Akawasha kingine, nacho kikazimika. Mwenyekiti akatoa kiberiti chake, akakinga upepo kwa kofia, na gesi ile ikakizima kwa upole, kama mtu anayepuliza mshumaa.

Nilisogeza pua kwenye bomba. Harufu ile niliijua, kwa sababu ilikuwa ikitoka jikoni kila wiki. Nilimuuliza taratibu kama ndani kuna samadi tupu.

"Nililiongezea machicha ya mbege," alisema, bila aibu yoyote. "Lilikuwa limelala."

Ilibidi nieleze mbele ya watu wote kwamba pipa halikutoa gesi ya kupikia bali mapovu ya pombe, hewa ile ile inayozima moto. Jirani mmoja aliuliza kama basi inaweza kunyweka. Nilicheka mpaka nikashikilia mgomba, na mama mkwe aliingia ndani, akafunga mlango.

Alininunia siku kadhaa. Kisha asubuhi moja nilimkuta ameinama kwenye pipa langu akiwa na ndoo ya majivu, akaniambia nivue lile koti, tunachekwa. Tukakaa juu ya ndoo na kulizungumza vizuri kwa mara ya kwanza. La kwake lilikuwa na joto lakini limechacha. La kwangu halikuchacha, ila lilikuwa likiganda. Tukakubaliana joto liwe la kwake na kulisha kuwe kwangu, lakini kwa kiasi kidogo, na samadi ya moto moto iliyotoka kwa ng'ombe muda huo huo. Tulilihamishia pipa moja ndani ya nyumba ya ng'ombe, tukalizungushia lundo linalooza. Majivu kidogo tukayatia kupunguza uchachu. Jirani alipochinja ng'ombe kwa ajili ya ubatizo, mama mkwe aliomba taka za tumboni kabla hajaomba nyama, tukazitumia kama chachu.

Lilichukua wiki nyingi, si "kidogo" ya fundi. Lilipoinuka, liliinuka polepole. Tuliiachia hewani gesi ya kwanza, kama nilivyofundishwa, kisha nikawasha. Ulitokea mwali wa buluu, mdogo kama ua la ndizi changa, ukakaa. Mama mkwe aliuweka mkono wake karibu, akautoa, akaurudisha. Tulipika chai, tukainywa wawili tu, tukakubaliana tusimwambie mtu kwanza.

Alipoona inatosha, alimwita tena mwenyekiti. Akamkabidhi kiberiti kwa heshima, akamwambia labda leo itakubali, hatujui. Mwenyekiti, aliyekwisha kukata tamaa, aliinama karibu sana. Mwali ulipotoka aliruka nyuma, akakalia ndoo ya samadi ya kesho.

"Pole, mwenyekiti," alisema mama mkwe kwa ile sauti yake ndogo. "Kumbe imekubali."

Gesi yetu haikuwahi kuivisha ndizi. Ilitosha chai ya asubuhi na uji wa jioni, na kila mwezi wa saba ilipungua ikawa ya chai peke yake. Hata hivyo nyumba kadhaa zilituiga. Mwenyekiti naye alisimulia mikutanoni, kwa miaka, kwamba moto wa kwanza wa samadi Kibosho uliwashwa na mkono wake. Mama mkwe na mimi tulikuwa tukikaa nyuma, tumejifunika kanga mdomoni, hatuthubutu kutazamana.