Jiko Chini ya Dirisha

Jiko langu la mafuta ya taa likizimwa na upepo, ile harufu hunirudishia hasira ya utotoni.

Baba alipata trela kuukuu la watalii, la kulala ndani, akalitengenezea jiko ndani kule Lodwar ili Mama akauze chai na mandazi Kakuma. Jiko alilifunga kwa bolti chini ya dirisha, wateja waone. Mama, ambaye nyumba zetu zote alizijenga mwenyewe kama wanawake wa Kiturkana wanavyojenga, alimwambia mara tatu, "Baba watoto, upepo utaingia hapo."

Baba akacheka. "Hiki si kibanda cha vijiti. Hii ni kazi ya fundi."

Siku ya kwanza Kakuma, foleni ikajipanga. Mama akawasha, upepo ukazima. Akawasha tena. Kiberiti kikaisha, mandazi yakalowa mafuta yaliyopoa, watu wakaenda kwingine.

"Si ungeniambia?" Baba akafoka.

Mama akavua shuka yake ya begani azibe dirisha. Mimi nikashindwa kuvumilia. "Alikuambia! Mara tatu!"

Kofi lilinipata hapohapo. Lilikuwa la Mama.