Mzee Dakika na Zile Saa Sita

Kwa miaka ishirini na sita mjomba wangu alilipwa mshahara kwa kugonganisha chuma na chuma. Rimu ya lori ilining'inia kwenye boriti nje ya ofisi ya shule, kipande cha nondo kilikaa mkononi mwake, na kwa vitu hivyo viwili waliishi walimu, wanafunzi, mwenye duka ng'ambo ya barabara na kila jirani aliyekuwa na chungu motoni. Wanafunzi walimwita Mzee Dakika. Alijifanya kulichukia jina hilo, kama mtu anavyojifanya kukataa kipande cha pili cha nyama.

Kisha ikaletwa kengele ya umeme. Mwalimu mkuu, mama asiyepoteza maneno, akamwita ofisini.

"Mzee, hii inapigwa na kompyuta. Ukiweza kuiamrisha, wewe ndiye mpiga kengele. Ukishindwa, nyasi za uwanja zinataka mtu. Nakupa mwezi mmoja."

Mjomba akazitazama nyasi dirishani. Nyasi hazina saa. Ukizifyeka saa tatu, ukizifyeka saa tano, kwazo ni mamoja.

"Nitajifunza," akasema.

Somo hilohilo ndilo lililonitimua mimi chuo kikuu mwaka wa pili, nikiwa na macho mazima na miaka ishirini na moja. Kwa hiyo niliposikia kwamba mtu wa miaka hamsini na minane, anayebonyeza kibodi kwa kidole kimoja kama anayetumbua kipele, ameanza kuandika programu, nilicheka mpaka nikajionea aibu.

Aliyemfundisha ni mwalimu wa kompyuta, binti aliyesoma shuleni hapohapo, bingwa wa kuchelewa, ambaye Mzee Dakika alikuwa akimfungia geti kila Jumatatu. Mungu si Athumani, deni la geti likalipwa lote.

"Mzee, mabano umeyafungua hujayafunga."

"Yako wapi?"

"Mstari wa tatu. Geti ulikuwa unalifunga vizuri sana. Mabano yanakushinda nini?"

Siku ya pili aliandika "Kengele" kwa herufi kubwa mstari wa kwanza, na "kengele" kwa ndogo mstari wa tano. Mashine ikagoma.

"Haijui kwamba ni kengele ileile?" akauliza. "Mtoto wa darasa la kwanza anajua."

"Mtoto wa darasa la kwanza anakuonea huruma. Hii haina huruma."

Nyumbani mambo yakawa mazito zaidi. Alikula akihesabu kwa vidole, akachovya tonge kwenye maji ya kunawa. Jioni moja mkewe alimuuliza leo kajifunza nini, naye akajibu kwa uchovu, "Kitanzi."

Mkewe akaweka mwiko chini. "Kitanzi gani tena, baba watoto? Kwa sababu ya kengele?"

Ikabidi aeleze kwamba kitanzi ni amri inayojirudia yenyewe mpaka uiambie basi. Mkewe akamsikiliza mpaka mwisho, kisha kamba ya kuanikia nguo akaihamishia kwa jirani.

Lakini kilichonishangaza si ugumu, huo nilikuwa naujua. Ni jinsi alivyouheshimu. Mimi mashine iliponikatalia niliitukana. Yeye alivua miwani, akaifuta, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mpwa wangu, leo nimekosea mara arobaini na haijanuna. Umewahi kuona mwalimu wa namna hiyo?"

Jumatatu ya wiki ya mwisho akawa tayari. Programu yake ilikuwa na kengele tatu: saa mbili fupi ya kuingia darasani, saa nne fupi ya mapumziko, saa saba ndefu ya kwenda nyumbani. Akaiwasha mashine saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akaenda kusimama chini ya rimu yake ya zamani.

Saa moja, watoto ndio kwanza wanaingia getini, kengele ikalia. Ndefu. Ndefu kabisa.

Watoto mia nne hawakuuliza swali hata moja. Miaka yote wamefundishwa kutii kengele, wakatii. Waligeuka na mabegi yao, na mwalimu mkuu akakutana nao barabarani kama mto uliorudi nyuma.

"Mnakwenda wapi?"

"Nyumbani, mwalimu. Mzee Dakika ametupigia."

Mwalimu mkuu hakupandisha sauti. Alisema tu, "Mpaka Ijumaa, Mzee," akazitazama nyasi.

Alhamisi nilimpelekea miwani aliyoisahau, nikawakuta wawili hao mbele ya kompyuta.

"Hapa saa saba umeandika 7," alikuwa akisema mwalimu wa kompyuta.

"Ndiyo. Saa saba."

"Mashine inaanza kuhesabu katikati ya usiku. Kwake 7 ni saa moja asubuhi."

"Katikati ya usiku kuna nini cha kuhesabu? Siku inaanza jua likitoka."

"Ndivyo ilivyolelewa, Mzee. Badilisha tu. Mbili iwe 8, nne iwe 10, saba iwe 13. Dakika moja, umemaliza."

Hakubadilisha. Kidole kilielea juu ya kibodi.

"Na atakayekuja baada yangu," akasema, "akiandika saa mbili kama mtu?"

Kisha akaandika mstari mmoja, polepole, na mabano akayafunga. Mstari ule uliiambia mashine: kila saa nitakayokutajia, ijumlishe sita kwanza, ndipo upige. Mbili ikawa 8. Nne ikawa 10. Saba ikawa 13.

Mwalimu wa kompyuta hakuwa na utani wowote. Mimi nilisimama na miwani mkononi nikisisimka. Binti angenyoosha makosa matatu. Mjomba alikuwa ameifundisha mashine kuhesabu siku yake tangu jua linapotoka.

Ijumaa nilirudi, na sikutumwa na mtu. Mjomba alisimama chini ya rimu, nondo mkononi endapo lolote litatokea. Kengele ikalia. Fupi. Watoto wakaingia madarasani.

Mwalimu mkuu akatazama saa ya mkononi. "Imewahi dakika nne."

Ng'ambo ya barabara mwenye duka naye alichungulia. "Mzee, leo umewahi?"

"Haiwezi kuwahi," mwalimu wa kompyuta alinong'ona. "Saa yake inatoka kwenye mtandao. Mzee, ongeza dakika nne, mstari mmoja tu. Hakuna atakayejua."

Mjomba alizitazama nyasi, akaitazama saa yake mwenyewe.

"Mwalimu mkuu, saa yako huwa unairekebisha kwa kufuata nini?"

"Kengele yako. Nini kingine?"

"Basi nimewachelewesha," akasema. "Sijui tangu lini. Mashine ndiyo iko sawa."

Mwalimu wa kompyuta alikuwa akipiga hesabu kwa vidole. "Kumbe zile Jumatatu nilikuwa nachelewa zaidi ya nilivyojua."

Mwalimu mkuu akavuta kitufe cha saa yake, akausogeza mshale mbele dakika nne, akakibonyeza ndani.

"Mapumziko ni saa nne, mpiga kengele," akasema. "Usitucheleweshe tena."

Mjomba akaniachia nondo, akaingia ndani, akaketi mbele ya mashine isiyohitaji kitu, kuisubiri saa nne pamoja nayo.