Koili Nane na Sabuni ya Mche

Nyumbani kwangu kitu cha mtumba hakitumiki kabla hakijaoshwa. Shati, shuka, hata sufuria: sabuni kwanza. Hujui kimetoka mikononi mwa nani. Wanangu sita nimewalea hivyo, na aliyevunja sheria hiyo alichapwa. Nayasema haya mwanzo kwa sababu ndiyo yaliyotaka kuniulia mume wangu.

Mzee wangu figo zimekufa. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi anapelekwa hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Akikosa siku moja, miguu inavimba na pumzi inakuwa ya kuvuta kwa kamba. Anayempeleka ni binti yetu wa tatu, karani, anayeishi nasi hapa Kimara, kwa kigari chake. Nyumba iko bondeni, na mvua ikinyesha bajaji hazishuki huku.

Alhamisi hiyo tulikuwa tunarudi, tunapanda kutoka Ubungo, gari likaanza kushtuka kama mtu mwenye kwikwi. Taa ya njano ikawaka. Binti anakanyaga mafuta, gari halina nguvu. Nyuma yetu lori la mchanga linapiga honi. Mzee kakilaza kichwa begani kwangu, hajiwezi, maana akitoka kwenye mashine anakuwa kama nguo iliyokamuliwa. Nilimshika kichwa nikafumba macho. Niliona tunafia palepale.

Tulifika kwa kusukumwa sukumwa. Fundi wetu alikuwa safarini msibani, akaelekeza kwa simu: gari linamisi, yaani moto unakatika katika, koili moja imekufa. Koili ndiyo inayopeleka moto kwenye plagi, na gari hili linazo nne. Akaonya pia: koili mbovu ni nafiki, gari likiwa baridi inatulia, likishapata moto na kupanda mlima ndipo inakutupa.

Ijumaa mchana binti akarudi na koili nne za mtumba wa Japani, abadilishe zote kwa pamoja, zimo kwenye mfuko wa nailoni.

“Nani atafunga?” nikamuuliza.

“Mie.”

“Wewe uliyeshindwa kufunga kitanda?”

“Mama, kitanda hakikuwa na video.”

Akatandika khanga yangu kuukuu uani, akasimamisha simu juu ya ndoo, akafungua boneti. Alitoa waya wa betri, akafungua nati kwa spana namba kumi, akazichomoa zile za zamani moja moja. Zimekaa kama uyoga, kichwa kidogo na mguu mrefu mweusi. Akazilaza kushoto kwa khanga. Za mtumba zilikuwa kulia. Mara mzee akaita. Kumwogesha ni kazi ya saa nzima, na mie mgongo hauniruhusu kumwinua, basi binti akanawa akaingia ndani.

Nikabaki na koili nane. Zote zina grisi, zote zina vumbi la watu. Hakuna aliyenituma. Nilichukua beseni, dodoki na sabuni ya mche, nikazisugua zote, nikazianika kwenye kichanja cha vyombo. Jua lilikuwa kali, zikakauka upesi.

Nilipotaka kuzirudisha ndipo baridi ikaniingia. Zetu ni zipi? Zilikuwa zimetofautiana kwa uchafu, na uchafu nilishautoa. Nane, sura moja. Nikapanga nne huku, nne kule.

Binti akatoka. “Umezifuta, mama?”

“Nimezifuta.”

“Asante.”

Ile asante ilinichoma. Akazifunga zile nne za kulia, akarudisha waya, akaniambia nikae kwenye usukani niwashe. Sijawahi kushika ufunguo wa gari. Niliuzungusha nikiwa nimejikunyata, nangoja moto unilipukie usoni. Injini ikawaka, ikatulia tuli. Binti akapiga vigelegele. Mzee akaitika kutoka ndani, “Fundi huyo! Kesho safari ipo!”

Mie nikakaa palepale. Gari lilikuwa baridi. Nikaliona lile lori la mchanga, nikakiona kichwa cha mzee. Nikawaza: huenda zote zilizofungwa ni nzima, kwa nini ujiaibishe mbele ya mtoto? Nikawaza tena: na kama sizo? Wanangu niliwachapa kwa kugusa wasichotumwa, na kwa kunyamaza niliwachapa mara mbili.

Nikamfuata bombani. “Nimeziosha. Sijui zipi zetu, zipi za dukani.”

Akanitazama. “Zote nane?”

“Zote.”

“Kwa maji?”

“Na sabuni.”

Akakaa juu ya ndoo. Nilingoja anifokee, ingekuwa nafuu. Akasema polepole, “Mama, kesho ningempakia baba humo.”

“Najua. Ndiyo maana nimesema.”

Akainuka. “Panda. Twende kilimani.”

Nikaipakata khanga yenye koili nne zilizobaki, tukakipanda kilima chetu na kukishuka, mara ya kwanza, mara ya pili. Kila gari liliposhtuka kwa shimo, nilimtazama binti usoni. Mara ya tatu, katikati ya mpando, kwikwi ikaja. Ile ile. Lori halikuwepo, lakini niliisikia honi yake.

Binti akavuta breki ya mkono, akatia jiwe nyuma ya tairi, akaniweka kwenye usukani. “Kanyaga breki, usiachie.” Nilikanyaga kwa miguu yote miwili, gari linanguruma, bonde liko nyuma yangu. Akawa anachomoa soketi za koili, moja baada ya nyingine. Akichomoa ya kwanza, injini inatetemeka, anairudisha. Ya pili, vilevile. Alipochomoa ya tatu, injini haikubadilika hata chembe.

“Ndiyo hii maiti,” akasema.

Akazima, akafunga nyingine kutoka kwenye khanga niliyoipakata. Tukapanda tena mara nne. Kwikwi haikurudi. Mie ndiye niliyedai ile ya nne.

Jumamosi alfajiri tulimpakia mzee, nikakaa naye nyuma. Koili tatu zilizobaki nilizifunga kwenye ncha ya khanga, spana namba kumi nimeishika mkononi. Kilima tulikimaliza, tukaingia lami, nami bado nahesabu kila mngurumo. Injini ilipopata moto, mzee akanusa.

“Mbona gari linanuka sabuni ya kufulia?”

Binti akanitazama kwenye kioo. Aliniachia mwenyewe.

“Ni mie, mzee wangu,” nikamwambia. “Lala. Tukifika nitakueleza.”

Hakulala. Alinishika mkono wenye spana mpaka tukaingia getini, na wauguzi walipomteremsha ndipo nilipoweza kuiachia.