Kigingi Mbele ya Pua

Mume wangu alipoanza kujenga ndege uani kwetu, mimi sikusema kitu kwa wiki nzima, na wanaonijua watakuambia hilo si jambo dogo. Ilikuwa miaka ya ruksa, viwanda vya serikali vilipoanza kuuzwa. Kiwanda cha nguo alikokuwa fundi mitambo kilikuwa kimepata mwenyewe mpya, na mwenyewe mpya hakuwahitaji mafundi wote. Mjini Morogoro kila aliyepunguzwa kazi alifungua genge au alichoma chips. Wangu akanunua injini ya gari dogo la mtumba, akatoa michoro aliyoachiwa na fundi mmoja wa ndege za misheni, akaanza kukata mabomba ya alumini.

Nilidhani hamu itamwisha. Haikumwisha. Kufikia kiangazi cha pili kitu kile kilikuwa na mabawa ya turubai na magurudumu matatu, kimeipa milima ya Uluguru mgongo, nami nikawa naanika nguo kwa kuinama chini ya bawa.

Siku ya kuipima uzito aliazima mizani tatu za magunia kwa wafanyabiashara wa mpunga wa Dakawa, akapandisha kila gurudumu kwenye mizani yake. Kisha akafanya jambo lililonishangaza. Alishusha timazi, uzi wenye kijiwe mwishoni, kutoka kwenye fimbo iliyotokeza mbele ya pua ya ndege, mahali pasipo na chuma wala turubai, akapigilia kigingi pale kijiwe kilipogusa ardhi. Akasema kila umbali utapimwa kutoka hapo.

Nilimuuliza kwa nini apimie mahali ambapo ndege yenyewe haijafika. Akanieleza kwamba kila kitu ndani yake kina uzito na kina umbali, na ukivizidisha, ukavijumlisha, ukagawa kwa uzito wote, unapata pale ambapo ndege nzima ingetulia kama ungeining'iniza kwa kamba moja. Pa kuanzia unachagua mwenyewe, popote. Alipachagua mbele ili kila kitu kiwe nyuma yake, asichanganye hesabu. Magurudumu aliyapimia hapo siku ile ile.

"Ila ukishachagua," alisema, "hupahamishi tena."

Nilisimama nikitazama kijiti kile. Maisha ya mume wangu, injini, mafuta, vyote vilikuwa vinahesabiwa kutoka kwenye hewa tupu, na hesabu ilikuwa inakubali. Nilipata hofu ya aina ile inayokushika msikitini ukiwa peke yako.

Siku ya pili alipima umbali wa kiti, wa tangi na wa betri, ambayo aliamua kuiweka nyuma ya kiti. Akasema uzito umekaa vizuri, tena umeegemea mbele. Tukapanga kuipeleka kwenye uwanda mkavu upande wa Dumila.

Jioni moja kabla ya safari wageni walijaa uani, naye akawa anawaonyesha kigingi kwa majivuno, akiwaambia ndege yote imetoka hapo. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele kando. Mama huyu ametoka juu milimani, na uwanja wake hufagiwa kabla ndege wa angani hawajaamka. Alisema bila kuinua kichwa:

"Kile kijiti nilikisogeza, mwanangu. Ile asubuhi baada ya mizani. Watu walikuwa wanajikwaa."

Alikuwa ameking'oa, akafagia, akakirudisha karibu zaidi na ndege, mahali pasipopita mtu, akakigonga kwa jiwe kikakaa imara. Alikuwa ametufanyia hisani.

Nilitaka kupiga kelele. Mama mkwe hapigiwi kelele, kwa hiyo niliuma kanga. Mume wangu alipiga magoti, akapapasa mchanga kwa kidole mpaka akapata tundu la zamani, akapima upya kila alichokuwa amekipima baada ya fagio. Wageni waliaga mmoja mmoja. Alipomaliza aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Uzito uko nyuma kuliko nilivyohesabu," aliniambia. "Ingeinua pua, isingekubali kuishusha."

Nikamuuliza hapo ingekuwaje. Akainuka kwenye ndoo. Alikwenda kwa mama yake, akachuchumaa mbele ya ungo, akamwambia, "Asante kwa kusema, mama." Mama mkwe akaacha mchele. Nadhani hapo ndipo alipoelewa.

Betri ilihamia puani. Akachora alama ya rangi kwenye bati lililo nyuma ya injini, akapima kutoka pale hadi tundu la kigingi. Kuanzia siku hiyo kigingi hakikuhitajika: popote ndege itakapokwenda, mahali pale patakwenda nayo, hatua ile ile mbele yake, pasionekane.

Kule Dumila iliruka naye chini chini juu ya nyasi, ikiwa sawa, pua haikupanda wala haikuzama, ikageuka ikarudi. Nililia mbele za watu na sikuona haya. Mama mkwe hakutazama. Alikuwa ameupa uwanda mgongo, amejifunika kanga usoni, mpaka injini ilipozimwa na mwanawe akamwita.

Ndege ile iliuzwa zamani. Uwanja wetu bado unafagiwa alfajiri, unang'aa wote, isipokuwa kichaka kimoja cha nyasi katikati ya njia, palipokuwa tundu la kigingi. Watu hujikwaa hapo. Fagio la mama hufika, likakizunguka, likaendelea.