Maombi ya Kuwasha Kompyuta

Jumamosi asubuhi, kwenye kibanda cha fotokopi pale Kimanga, pasta mmoja alileta programu ya harusi ichapishwe. Alichomeka flash yake kwenye kompyuta kuukuu, mama mwenye kibanda akaiwasha. Kioo cheusi kikatoa mstari mmoja wa maandishi meupe, kikagoma hapo.

"Mama, bibi arusi ameisha kufika mu kanisa!"

"Papa Pasta, minye nifanye nini? Ordinatere iko inakataa kuwaka."

Mama akazima, akawasha, akaichapa kofi ubavuni. Wapi!

"Basi tufunge macho, tuombe," pasta akasema, akaweka mkono juu ya mashine. Sote kwenye foleni tukainamisha vichwa.

Maombi yalipopamba moto, mama akainamia kioo, akasoma ule mstari, akaichomoa flash polepole. Kumbe mashine ilikuwa ikijaribu kuwakia kwenye flash hiyo badala ya diski yake, ikakwama. Akagusa kitufe. Pasta aliposema "Amina", kompyuta ikawaka.

"Unaona, mama? Mungu anatengenezaka hata ordinatere!"

"Amina, Papa Pasta," mama akajibu, huku akiirudisha flash mahali pake.

Nilitamani kueleza nilichokiona. Lakini wangeniuliza kwanza macho yangu yalikuwa wapi wakati wa maombi.