Sombe ya Mama ya Rapeur

Kosa ni langu, lakini na rap ina sehemu yake. Muchumba wa binti yangu anaimba kwamba alikomalia mu njaa tangu utoto, mama yake akisugua manyumba ya wazungu. Nililia ndani ya bus, maana hata mimi kazi yangu ni ile.

Basi Jumamosi nikamupelekea huyo mama sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, kule mutaa wa Laeken. Nyumba kubwa, jardin ya maua mbele! Mwanamuke mweusi kama mimi akafungua, amevaa tablier ya kupikia. Nikawaza tu: ni yeye, anatumika kazi humu.

"Mama ya rapeur, ficha hii sombe mbio," nikamunong'oneza. "Patron, mwenye nyumba, asione."

Akacheka mpaka akashika mulango.

"Patron ni mimi, maman. Mutoto wangu njaa anaijua mu nyimbo tu. Bon, ingiza sombe. Mwenye njaa ni mimi."